Sura ya Saba: Vita vya Nyota Visomwapo Ukingoni mwa Rusumo

Vipo vitabu vya mfululizo, kimoja kikianzia pale kingine kilipoishia, vinavyosimulia habari za majeshi ya wanadamu yanayosafiri kwa merikebu za anga kutoka nyota hata nyota, yakipigana na mahuluku wa sura tusizozijua: wenye miguu minane, wenye magamba, wenye akili moja iliyogawanyika katika viwiliwili elfu. Vimeandikwa kwa wingi Marekani na Uingereza tangu katikati ya karne ya 20, na siku hizi havihitaji duka la vitabu ili vimfikie msomaji wake. Kijana aketiye juu ya gunia la maharage pale Lusahunga, akingoja dereva amalize kula kabla lori halijaelekea Rusumo, anaweza kuwa navyo vingi katika simu yake yenye kioo kilichopasuka, akavisoma hata betri ikazima. Walimu na wazazi niliowasikia wakivitaja huviita vya kupotezea wakati, kwa hoja kwamba mtoto asiyejua historia ya wilaya yake hana faida na vita vya sayari isiyokuwapo. Hoja hiyo naiheshimu, wala siikubali. Vitabu hivi vinastahili kusomwa kwa makini, tena Ngara na Biharamulo kuliko mahali pengi pengine, kwa kuwa wilaya hizi mbili zimeyaona kwa macho mambo ambayo waandishi wake wengi wameyabuni kwa kukisia. Na msomaji wa hapa, akivisoma kwa macho yake mwenyewe asiazime ya mwandishi, ataona ndani yake pengo kubwa ambalo aliyekulia Chicago halioni kwa wepesi.

Pengo lenyewe ni hili. Aghalabu vitabu hivi huhesabu merikebu, mizinga na vikosi kwa uangalifu wa karani wa ghala, hata msomaji akajua kila kombora lina uzito gani na kila deki ina askari wangapi, lakini watu waliokuwa wakiishi katika miji iliyopigwa kwa makombora hayo hupitiwa kwa sentensi moja, kama kwamba sayari ikishaungua wakazi wake hutoweka pamoja na moshi. Aliyezaliwa karibu na Rusumo anajua kwamba hawatoweki. Huvuka mto, wakawa ni habari ya mtu mwingine.

Na mto wenyewe una historia inayofaa kuelezwa kabla ya kufungua kitabu chochote. Juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo mto Ruvubu, utokao Burundi, hukutana na Kagera, na maji ya mito yote miwili hujibana katika bonde jembamba la miamba, yakaanguka kwa kishindo chini ya daraja linaloziunganisha Tanzania na Rwanda. Hapo ndipo alipovukia Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani wa ukoo wa makabaila, tarehe 2 Mei 1894, akiwa na msafara wa wapagazi na askari wenye bunduki, akaingia katika ufalme wa Kigeli Rwabugiri, na miaka saba baadaye akawa gavana wa koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wakazi wa ukingo ule waliomwona siku hiyo walikuwa wakitazama viumbe ambao rangi yao, lugha yao, silaha zao na haja zao hazikuwa na mfano katika masimulizi ya wazee. Waandishi wa vitabu vya anga hulipenda sana tukio la namna hii, la umma mmoja kukutana kwa mara ya kwanza na umma usiojulikana kabisa, na hulitungia sura nzima nzima za dhana. Bugufi na Bushubi, nchi za Ngara ya leo, hazikuhitaji dhana.

Miaka minne tu baada ya Götzen kuvuka, yaani mwaka 1898, H. G. Wells alichapisha huko London riwaya yake ya vita vya walimwengu wawili, na karibu kila mfululizo wa vita vya anga uliopo leo una nasaba yake katika kitabu hicho. Wakazi wa Mirihi wanashuka katika mashamba ya Surrey, kusini ya London, ndani ya mapipa makubwa ya chuma. Wanaunda mashine za miguu mitatu zinazotembea juu ya nyumba. Wanateketeza majeshi ya dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote duniani kwa mwali wa joto usioonekana. Wells hakuficha muradi wake. Katika kurasa za mwanzo kabisa anawakumbusha wasomaji wake Waingereza kwamba wenyeji wa Tasmania walifutwa katika muda wa miaka hamsini na wahamiaji kutoka Ulaya, kisha anawauliza kama wao wana haki ya kuwalalamikia watu wa Mirihi kwa kufanya vivyo hivyo. Ni swali la mtu mwenye insafu, na kuliuliza wakati ule, dola ya Uingereza ikiwa kileleni mwa adhama yake, kulitaka ushujaa ambao sitaki upite bila kutajwa.

Lakini mwisho wa kitabu chake haufanani na mwisho wa mambo yalivyokuwa huku kwetu, na msomaji wa Kagera ana haki ya kusimama hapo akatafakari. Watu wa Mirihi hawashindwi na mizinga. Wanakufa kwa vijidudu vya dunia ambavyo miili yao haikuvizoea, na ardhi iliyovamiwa inajikinga yenyewe. Katika nchi za Maziwa Makuu, katika miaka hiyo hiyo ya 1890, maradhi yalikuwa upande wa wageni. Sotoka, iliyoingizwa kutoka kaskazini, iliteketeza ng'ombe wa Karagwe, Ankole na Rwanda kabla watawala wa huko hawajajua wanayetaka kupigana naye ni nani. Funza wakaja kutoka magharibi kwa njia za misafara, wakakata vidole vya watu na kuwalaza wakulima majumbani wakati wa palizi. Na mwanzoni mwa karne ya 20 malale yakaangamiza mamia ya maelfu kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Falme zilizokuwa na majeshi zilipigwa matumbo kwanza, ndipo zikapigwa kwa bunduki. Mwandishi wa Kiswahili atakayetunga siku moja habari za uvamizi kutoka angani atakuwa na elimu juu ya vijidudu ambayo Wells hakuwa nayo, naye hatakuwa ameisoma mbali.

Jambo ambalo Wells alilijua, na ambalo warithi wake wengi wamelisahau, limo katika sura ya 16 ya sehemu ya kwanza, inayohusu kuhama kwa watu wa London. Mamilioni wanautoka mji kwa pamoja kuelekea kaskazini na mashariki; farasi wanaanguka, magari yanagongana, mtu mmoja anakanyagwa akiokota sarafu zake za dhahabu zilizomwagika barabarani, na hakuna aliye na amri juu ya mwenziwe. Sura hiyo haina vita ndani yake, na bado ndiyo inayotisha kuliko zote. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara naona barabara ninayoifahamu.

Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Aprili 1994, miaka mia moja kasoro siku chache tangu Götzen alipovuka, daraja la Rusumo lilianza kupitisha watu, na katika muda wa saa 24 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kwamba wamevuka robo milioni. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokuwa wakilikimbia jeshi la waasi wa RPF lililokuwa likisonga mbele, baada ya majuma matatu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Walikuja na magodoro, vyungu, mbuzi, baiskeli na watoto. Upande wa Tanzania wakanyang'anywa mapanga na silaha nyingine, zikawa lundo kando ya barabara. Na chini ya daraja, katika maji yale yaendayo kwa kishindo, ilikuwa ikipita miili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kukimbia, ikielekea Ziwa Viktoria. Waliovuka walielekezwa Benaco, mahali palipobakiwa na jina la kampuni ya Kitaliano ya barabara iliyokuwa imepiga kambi hapo zamani, kwa sababu palikuwa na bwawa la maji. Ngara haikuwa ngeni kwa jambo la namna hiyo, kwani ilikwisha wapokea Wanyarwanda wa miaka ya 1959 hadi 1961, wengine wakalowea Muyenzi, na Warundi waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Lakini halaiki kama hii, iliyoizidi idadi ya wenyeji wa wilaya yenyewe, haikuwahi kuonekana.

Sasa naomba msomaji afanye hesabu ndogo ambayo majemadari wa riwaya za anga hawaifanyi. Mtu mmoja akipewa lita 15 za maji kwa siku za kunywa, kupikia na kunawa, watu 250,000 wanahitaji lita 3,750,000, yaani safari 375 za lori la kubeba lita 10,000, kila siku, bila Jumapili wala sikukuu. Akipewa nusu kilo ya nafaka na maharage, chakula cha siku moja ni tani 125, malori manne yaliyojaa na kitu juu, katika barabara iliyopita Nyakanazi na Nyakahura. Na hapo bado hujaleta kuni, ambazo hakuna lori lililozileta, ila vilima vya Ngara vilizitoa vyenyewe hata vikabaki uchi. Merikebu yoyote ya vita katika vitabu hivi, iwe na urefu wa kilomita ngapi, ingelemewa na kazi aliyoifanya mgawa unga wa Benaco katika wiki yake ya kwanza. Hii ndiyo elimu ya vita ninayoitafuta ninaposoma, na naona ni halali kukipima kitabu kwa kiasi chake.

Kwa kipimo hicho riwaya ya Robert Heinlein ya mwaka 1959 kuhusu askari wa miguu wa anga, ambayo ndiyo iliyoweka kanuni za fani hii, haikai sana mkononi mwangu. Ina mafunzo ya jeshi yaliyosimuliwa kwa ustadi mkubwa, ina mavazi ya chuma yanayomwezesha askari mmoja kuruka juu ya majumba, ina shujaa wake Juan Rico, kijana ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kitagalogi. Na inashikilia kwamba asiyejitolea kutumikia taifa asipewe kura. Msomaji wa Tanzania aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963, atakuwa na mengi ya kujadiliana na Heinlein juu ya jambo hilo, kwa maana sisi tulikusudia kijana ashike jembe pamoja na bunduki. Maadui wakuu wa Heinlein ni wadudu. Mtu hajiulizi mdudu ana mtoto wapi.

Joe Haldeman ni mtu wa namna nyingine. Alijeruhiwa vibaya Vietnam mwaka 1968 akiwa askari wa uhandisi, na mwaka 1974 akachapisha riwaya juu ya vita visivyokwisha, iliyopata tuzo zote mbili kubwa za fani hii, Hugo na Nebula. Ndani yake mwanafunzi wa fizikia aitwaye William Mandella anachukuliwa jeshini kupigana na umma uitwao Watauri, na kwa kuwa merikebu zao huenda kwa kasi inayoikaribia kasi ya nuru, saa za waliomo ndani huenda polepole kuliko saa za duniani, kama elimu ya Einstein inavyofundisha. Miezi michache ya vita kwake ni miongo ya miaka kwa waliobaki. Anarudi nyumbani akiwa bado kijana, akamkuta mama yake ni kikongwe, lugha imebadilika, desturi zimegeuka, kazi hakuna, na hakuna anayeweza kusikiliza aliyoyaona. Naye, kwa kukosa pa kukaa katika dunia aliyoipigania, anarudi jeshini. Hatimaye, baada ya zaidi ya miaka elfu moja ya kuuana, inadhihirika kwamba vita vilianza kwa kosa: merikebu za kwanza zilizopotea zilipotea kwa ajali, Watauri hawakuwa wameanzisha lolote, na pande zote mbili hazikuwa na njia ya kuulizana.

Kitabu hicho nakishauri kisomwe na kila mtu wa mkoa huu. Mkoa wenyewe ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapata jina la Kagera mwaka 1979, baada ya vita vilivyoanza pale majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka Oktoba 1978, yakalivunja daraja la Kyaka, na kuisha kwa kutwaliwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979 na majuma kadhaa ya kufukuzana kaskazini. Katika vijiji vya Biharamulo na Ngara, kama katika vijiji vya nchi nzima, walitoka vijana wa mgambo waliokwenda pamoja na askari wa JWTZ, na mashujaa waliokufa wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, ambayo hutunzwa na kuzuriwa kwa taadhima. Waliorudi wakiwa hai hawana mahali pa kuzuriwa. Mzee aliyekuwa na miaka 22 huko Masaka na Mbarara alirudi akakuta nchi imeingia katika dhiki ya bidhaa, sabuni na chumvi zikipangiwa foleni, na watu wakiwa na shughuli ya kutafuta chakula kuliko ya kusikiliza habari za vita. Akashika jembe, akanyamaza. Haldeman alihitaji kasi ya nuru ili kueleza namna askari anavyokuwa mgeni kwao. Ningependa kijana wa Biharamulo akisome kitabu hicho, kisha aende kwa babu yake akae naye kibarazani, amwombe amsimulie tangu siku aliyopanda lori.

Nimesema kuwa Haldeman anaeleza vita vilivyodumu kwa sababu hakuna aliyeweza kuulizana na mwenzake, na jambo hilo ndilo lililochukuliwa na Orson Scott Card katika mfululizo ulioanza mwaka 1985. Mtoto Ender Wiggin, aliyechukuliwa na jeshi akiwa na miaka sita, anafundishwa vita kwa michezo ndani ya kituo kilichoko angani, na mchezo wa mwisho, anaoushinda kwa kuiangamiza sayari nzima, anaambiwa baadaye kuwa haukuwa mchezo. Umma aliouteketeza ulikuwa ukizungumza kwa akili kwa akili bila sauti. Haukutambua mwanzoni kwamba kila mwanadamu mmoja mmoja ni kiumbe mwenye fikra, na ulipotambua ulikwisha amua kutorudi tena. Wanadamu wa kitabu hicho huwaita maadui zao kwa jina la dharau la wadudu, tangu sura ya kwanza, na msomaji analizoea jina hilo hata asilisikie.

Hapa katika ukingo huu wa Kagera halizoeleki. Redio ya RTLM ya Kigali, katika miezi iliyotangulia mauaji na wakati wa mauaji yenyewe, iliwaita Watutsi mende, siku baada ya siku, kwa muziki na vichekesho katikati, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu kwa kazi hiyo ya maneno. Mtu akishaitwa mdudu haulizwi ana mtoto wapi, wala anatoka kwa nani. Ngara ilipata redio yake mwaka 1995, Radio Kwizera, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi ili kambini pasikike habari za maji, za shule, za jamaa wanaotafutana, na sauti za watu wanaozungumza bila kutukanana. Laiti ningepewa kuchagua chombo kimoja katika historia ya wilaya hii ambacho mwandishi wa vita vya anga angefaa kukijua, ningechagua redio hiyo. Katika riwaya hizi zote zenye mitambo ya mawasiliano ya kila sifa, sikumbuki mtambo uliojengwa kwa ajili ya waliokimbia.

Kitabu cha pili cha Card, cha mwaka 1986, kinapita cha kwanza kwa mbali. Ender, aliyeteketeza umma mzima, anasafiri kwa miaka elfu tatu ya dunia akiwa na kifuko kidogo, na ndani ya kifuko yumo malkia mmoja aliyebaki wa umma ule, naye anamtafutia nchi ya kukaa. Kila sayari anayofika hupima kama wenyeji wake wanaweza kumpokea aliye tofauti nao kiasi hicho. Huyo ni mkimbizi kwa kila hali, na anayemwombea hifadhi ni yule yule aliyemkimbiza. Fani nzima ya vita vya anga, kwa kadiri niijuavyo, haijatoa habari kubwa kuliko hiyo juu ya hifadhi. Hata hivyo Card amejirahisishia jambo moja. Malkia wake hana hatia yoyote, na kumhurumia ni kwepesi.

Benaco hapakuwa na wepesi huo. Miongoni mwa waliovuka daraja alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa komuni ya Rusumo upande wa Rwanda, ambaye wiki mbili kabla alikuwa amewaongoza wauaji katika parokia ya Nyarubuye. Kambini alikuwa tena mtu mwenye sauti, akazunguka kati ya watu wake. Alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001, mahakama ya Arusha ikamtia hatiani mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikampa kifungo cha maisha. Siku zile za Mei 1994 hakuna aliyekuwa na mizani ya kumtenga yeye na bibi kizee aliyesimama nyuma yake akingoja unga. Turubai la bluu lilikuwa moja, kipimo kilikuwa kimoja, na mgawaji alimpa kila mtu fungu lake. Wenyeji wa Ngara waliwapa nafasi wenye hatia na wasio na hatia kwa pamoja, wakaona migomba yao ikiibwa na misitu yao ikikatwa, wakauza na kununua nao, wakazika nao. Na Desemba 1996, kwa tamko la serikali na la shirika lile la Umoja wa Mataifa, karibu nusu milioni wakavuka tena daraja kurudi kwao, kwa namna ambayo watetezi wa haki waliilaumu kuwa haikuwa ya hiari. Hakuna mfululizo wa vita vya anga nilioupata wenye ujasiri wa kuandika sura moja ya namna hiyo, ambamo aliyestahili hukumu na aliyestahili huruma wanakula katika chungu kimoja na mwenyeji hajui amtazame nani.

Aliyekaribia ni John Scalzi, ambaye mfululizo wake ulianza mwaka 2005 kwa habari ya wazee wa miaka 75 wanaopewa miili mipya ili wapigane, na ambaye katika kitabu cha mwaka 2007 kuhusu koloni la mwisho anaweka wakulima, wake kwa waume, katika sayari mpya, kisha anatuonyesha serikali yao wenyewe ikiwatumia kama chambo ili kuuangusha muungano wa umma zaidi ya mia nne. Wakulima hao wana majina, wana ugomvi wa mipaka ya mashamba, wanaogopa mvua isiponyesha. Ni kitabu chepesi, nacho kinapendeza.

Na je, fani hii ni ya wageni peke yao? Waswahili tulikwisha yaimba majeshi yanayokwenda mbali kupigana na maajabu kabla Wells hajazaliwa. Utenzi wa Herekali, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, unaeleza vita vya Waislamu na dola ya Rumi kwa hesabu za vikosi, mavazi ya farasi na majigambo ya mabingwa. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi una majemadari wanaosafiri majangwani kwa beti elfu nne na zaidi ili kumfikia mfalme jeuri, na mwanzo wa safari yote hiyo ni mwanamke mmoja mwenye malalamiko ya watoto wake waliouawa. Huo ni mwanzo mzuri kuliko wa Heinlein. Kisha Shaaban Robert, mwaka 1951, akatupa Kusadikika, nchi iliyo angani, inayotuma wajumbe sita pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakaone wengine wanaishije. Wanaporudi na elimu, badala ya kushukuriwa wanatiwa gerezani, na mshtakiwa aitwaye Karama anasimama mbele ya mfalme kujitetea yeye na wao. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimtia mtu aliyehukumiwa kifo ndani ya chombo cha anga, naye akakiongoza hata akafika katika nchi ya watu wanaoishi kwa haki. Urithi tunao, na hauna uhaba wa mbingu.

Kilichobaki ni kazi ya kalamu. Anayetaka kuanza kusoma na aanze na Haldeman, akifuatisha na kitabu cha pili cha Card, akiwa na haja ya kustarehe achukue Scalzi. Na shule za sekondari za Ngara na Biharamulo zinazotafuta kitabu cha kusomwa kwa sauti darasani zisiogope sura ile ya Wells ya kuhama London, hasa pale ambapo watoto wenyewe ni wajukuu wa waliowapokea watu mwaka 1994. Mwenye kipaji cha kutafsiri namwomba aanze na sura hiyo hiyo. H. G. Wells alifariki mwaka 1946, muda wa haki zake za mwandishi umekwisha, na atakayeifasiri kazi yake kwa Kiswahili hahitaji kumwomba mtu ruhusa.